Kuomba Nafasi katika Programu ya Uongozi wa Vijana ya Ng'ambo: Mwongozo Kamili kwa Wanafunzi wa Sekondari wa Magharibi mwa Kenya na Nakuru

Wanafunzi wengi wa Kisumu, Kakamega, Bungoma na Nakuru huomba nafasi katika programu za uongozi zinazowakutanisha vijana wa mataifa na tamaduni mbalimbali kwa wiki chache, kwa kawaida kati ya Juni na Agosti. Wengi hukataliwa, kisha hujilaumu kwamba alama zao za darasani zilikuwa ndogo. Mara nyingi alama hazikuwa na neno. Jina la cheti cha kuzaliwa halikulingana na jina la ripoti ya shule, barua ya mwalimu haikufika, au insha iliorodhesha vyeo bila kutaja kazi hata moja iliyofanywa.

Mwongozo huu unahusu programu fupi za likizo. Programu ya kubadilishana wanafunzi ya YES ya serikali ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 2002, ni ya mwaka mzima wa masomo na ina masharti yake, ingawa hatua nyingi za hapa zitamfaa pia anayeiomba. Zitamfaa vilevile anayeomba Yale Young African Scholars, programu ya Chuo Kikuu cha Yale cha Marekani kwa vijana wa Afrika, ambayo imewahi kufanyika Ghana, Zimbabwe na Rwanda, yaani bila mwanafunzi kuvuka bahari.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Cheti cha kuzaliwa, nakala halisi, pamoja na picha yake safi iliyopigwa kwa skana.
- Ripoti za shule za mihula mitatu au minne ya mwisho, zenye muhuri na sahihi ya mwalimu mkuu.
- Nakala za vitambulisho vya wazazi wote wawili, au karatasi za kisheria za mlezi.
- Anwani ya barua pepe iliyo na jina lako halisi, na neno lake la siri likiwa limeandikwa mahali salama nyumbani.
- Mtu mzima mmoja aliye nje ya shule, mwenye simu na intaneti, atakayesoma ujumbe wako ukiwa bwenini.
- Walimu wawili waliokufundisha au kukusimamia katika chama, na walio tayari kuandika.
- Daftari moja la kuandikia tarehe, majina ya kazi ulizofanya na rasimu za insha.
- Fedha kidogo za saiba, skana na nauli. Hata programu inayolipa kila kitu hailipi gharama za kuomba.

Usianze kujaza fomu huku ukisema cheti kitapatikana baadaye. Cheti kinachotafutwa wiki ya mwisho ndicho husababisha makosa yanayoelezwa katika hatua ya 3.

## Hatua ya 1: Pima kalenda ya shule kwanza

Kiangazi cha nchi za kaskazini si likizo yetu. Mwaka 2025, kwa mfano, muhula wa pili ulianza 28 Aprili na kumalizika 1 Agosti, na wa tatu ukaanza 25 Agosti. Programu inayoanza mwishoni mwa Juni na kuchukua wiki nne itakutoa darasani katikati ya muhula, wakati wa mitihani ya ndani, na hakuna namna ya kulikwepa hilo isipokuwa kwa ruhusa ya mwalimu mkuu.

Andika tarehe za programu na tarehe za muhula kwenye ukurasa mmoja, kisha uhesabu siku za masomo utakazokosa. Peleka ukurasa huo kwa mwalimu mkuu kabla ya kuomba, ukiwa na mzazi au barua ya mzazi. Mwalimu mkuu anayeulizwa mapema huwa mshirika wako, ilhali anayeletewa barua ya kukubaliwa mwezi Juni huona kwamba amezungukwa, na ana haki ya kukataa.

Onyo: mwanafunzi wa Kidato cha Nne asiombe programu ya Juni au Julai. Masomo kama Kilimo na Kompyuta yana miradi ya KCSE inayofanywa ndani ya mwaka huo, na mitihani yenyewe huanza katika muhula wa tatu. Kwa waliofuata mfumo wa zamani, wakati mzuri wa kuomba ulikuwa Kidato cha Pili kuelekea cha Tatu; kwa walioanza sekondari ya juu Januari 2026, ni Gredi ya 10. Angalia pia umri, kwa sababu programu nyingi huhesabu umri kwa siku ya kuanza programu wala si siku ya kuomba.

Umefaulu hapa ukiwa na neno la wazi kutoka kwa mwalimu mkuu, hata kama ni sentensi moja kwenye karatasi yenye nembo ya shule.

## Hatua ya 2: Jua programu ni ya nani na nani anayelipa

Programu za kweli ziko za aina mbili. Zipo zinazolipiwa na serikali, chuo kikuu au wakfu, na zipo zinazotoza ada kubwa kisha kuwapunguzia wachache. Zote zaweza kuwa halali, lakini hazifai familia moja kwa namna moja. Ukiona ada ya maelfu ya dola, tafuta fomu ya msaada wa fedha na uijaze pamoja na fomu kuu, kwa maana msaada unaoombwa baada ya kukubaliwa mara nyingi huwa umekwisha kugawanywa.

Kuna dalili ambazo zikijitokeza unapaswa kuacha mara moja. Umekubaliwa bila insha, bila barua ya mwalimu na bila mahojiano. Unaombwa kutuma "ada ya kuhifadhi nafasi" kwa nambari ya M-Pesa ya mtu binafsi. Anwani ya barua pepe ya waandalizi ni ile ya bure ambayo mtu yeyote aweza kuifungua. Wanafunzi wote wa shule walioomba wamechaguliwa. Familia zimewahi kuitisha harambee na kuuza ng'ombe kwa ajili ya safari ambayo haikuwapo, na aibu iliyobaki kijijini ilimwangukia mtoto, ambaye hakuwa na hatia yoyote.

Uliza kwa barua pepe maswali matatu: nani analipa nauli ya ndege, nani analipa bima ya afya, na nani analipa viza. Programu ya kweli hujibu moja kwa moja.

## Hatua ya 3: Linganisha majina na tarehe

Hapa ndipo maombi mengi hufia, na ndipo wanafunzi hutumia muda mdogo kuliko popote pengine.

Chukua cheti cha kuzaliwa, ripoti ya shule na, kama unayo, pasipoti. Viweke mezani sambamba. Soma kila jina herufi kwa herufi. Katika eneo letu kuna matatizo yanayojirudia. Mtoto aliandikishwa kwa jina la babu lakini shuleni anatumia jina la baba. Jina la ubatizo liliongezwa kanisani na halimo kwenye cheti. Wafula ameandikwa wa kwanza mahali pamoja na wa mwisho mahali pengine. Kisha kuna ule ritifaa wa Achieng', Ong'ayo, Nyang'au na Kiplang'at, ambao mifumo mingine ya kompyuta huukataa na mingine huugeuza kuwa alama zisizosomeka.

Kanuni ni moja. Tumia majina yote, kwa mpangilio wa hati utakayosafiria. Kama bado huna pasipoti, fuata cheti cha kuzaliwa, kwa sababu pasipoti itafuata cheti hicho. Fomu ikikataa ritifaa, iache tu, usiweke nafasi tupu wala alama nyingine mahali pake, na ufanye hivyo kila unapojaza jina hilo. Ikiwa fomu ina nafasi ya jina la kwanza na la mwisho pekee, jina la katikati liandikwe pamoja na la kwanza.

Tofauti ndogo ya tahajia kati ya ripoti na cheti hurekebishwa shuleni, kwa mwalimu kutoa ripoti mpya. Tofauti kubwa huhitaji hati ya kiapo mbele ya wakili au kamishna wa viapo. Kosa lililo kwenye cheti chenyewe hupelekwa kwa idara ya usajili wa raia, na jambo hilo laweza kuchukua muda mrefu kuliko ulivyoambiwa, kwa hiyo lianze mapema.

Tarehe nazo zina mtego. Fomu za Marekani huandika mwezi kabla ya siku. Aliyezaliwa tarehe 7 Agosti 2009 akiandika 07/08/2009 kwenye fomu hiyo amesema alizaliwa tarehe 8 Julai. Soma maelezo madogo yaliyo chini ya kisanduku kabla ya kujaza.

Wanafunzi wanaolelewa na nyanya, shangazi au mjomba wanahitaji kitu cha ziada. Barua ya chifu husaidia kueleza hali ya nyumbani, lakini haimfanyi mlezi kuwa na mamlaka ya kisheria ya kutia sahihi fomu za idhini. Kama wazazi wamefariki, tayarisha vyeti vya kifo. Kama mzazi mmoja yuko mbali au hajulikani aliko, muulize mwandalizi wa programu mapema ni hati gani atakayoikubali, na uombe jibu hilo kwa maandishi.

Umefaulu hapa mtu asiyekujua akiweza kuzisoma hati zako zote na kusema, bila kuuliza, kwamba ni za mtu mmoja.

## Hatua ya 4: Panga mawasiliano ukijua uko bwenini

Shule za bweni haziruhusu simu, na waandalizi wa ng'ambo hawajui hivyo. Hutuma ujumbe Jumatatu wakitaka jibu Ijumaa, na mwanafunzi huuona siku ya likizo fupi. Nafasi hupotea kwa ukimya tu.

Mteue mtu mzima mmoja, awe mzazi, kaka mkubwa au mwalimu wa kompyuta, na umpe ruhusa ya kusoma barua pepe yako kila siku ya pili. Asijibu kwa niaba yako bila wewe kujua. Kazi yake ni kukufikishia habari kupitia mwalimu wa zamu au mwalimu wa darasa, na ni vizuri mwalimu huyo awe amejulishwa tangu mwanzo. Katika fomu, pale wanapouliza kama kuna jambo la kuongeza, andika sentensi moja kwamba unasoma shule ya bweni isiyoruhusu simu na kwamba majibu yako yaweza kuchukua siku tatu. Sentensi hiyo haikupunguzii chochote.

## Hatua ya 5: Msaidie mwalimu akuandikie barua yenye maana

Barua nyingi za mapendekezo kutoka shule zetu zinafanana kiasi kwamba ukibadilisha jina zinamfaa mwanafunzi mwingine. Husema mwanafunzi ana nidhamu, anamcha Mungu na anashirikiana na wenzake. Mwalimu hakosi nia njema. Ana mamia ya wanafunzi na hajui programu inatafuta nini.

Mpe ukurasa mmoja, wiki nne kabla ya makataa. Uandike humo jina la programu, inatafuta mwanafunzi wa namna gani, na mambo mawili au matatu aliyokuona ukiyafanya kwa macho yake, pamoja na mwezi yalipotokea. Usimwandikie barua ili yeye atie sahihi tu, kwani mtindo wako utaonekana pande zote mbili na fomu nzima itatiliwa shaka.

Chagua mwalimu anayekujua, si mwenye cheo. Mlezi wa chama cha mazingira au skauti aliyekuona ukifanya kazi mwaka mzima ni bora kuliko mwalimu mkuu anayekujua kwa sura. Kama unashiriki Tuzo ya Rais, ile yenye ngazi za shaba, fedha na dhahabu, kiongozi wa tuzo hiyo shuleni ana kumbukumbu za kazi zako na anafaa sana.

Kuna jambo la kiufundi pia. Programu nyingi hutuma kiungo kwa barua pepe ya mwalimu, naye hupakia barua mwenyewe. Uliza anwani anayoifungua kila siku, si ile ya ofisi ya shule. Mwambie atazame pia sanduku la barua taka. Siku saba kabla ya makataa, mkumbushe kwa heshima. Siku tatu kabla, mkumbushe tena. Umefaulu ukurasa wako wa maombi ukionyesha kwamba barua imepokelewa. Ahadi ya mwalimu kwamba ameshatuma haitoshi.

## Hatua ya 6: Andika insha ya uongozi

Insha huandikwa kwa Kiingereza katika programu nyingi, na hilo huwaponza wanafunzi hodari kwa njia isiyotarajiwa. Tumefundishwa kuandika insha za mtihani kwa misamiati mizito na vianzio vya kukariri, kuhusu mawingu meusi na ndege waliokuwa wakiimba. Msomaji wa maombi hataki hayo. Ana mamia ya insha na anataka kujua ulifanya nini. Andika kwa lugha unayoitumia ukimweleza mwalimu unayemheshimu jambo la kweli.

Anza kwa kujibu maswali manne kwenye daftari, kwa Kiswahili au lugha yoyote ikujiayo haraka: Palikuwa na tatizo gani? Mimi nilifanya nini, siku gani, pamoja na nani? Nani alipinga, na kwa nini? Baadaye palikuwa na tofauti gani inayoonekana? Swali la tatu ndilo wengi huliruka, nalo ndilo lenye uongozi ndani yake. Kazi isiyopingwa na mtu yeyote kwa kawaida ilikuwa amri ya mwalimu.

Tazama aya hii, ambayo ni ya aina ninayoisoma mara kwa mara:

*"Mimi ni kiranja wa bweni, mwenyekiti wa chama cha mdahalo na mwanachama wa baraza la wanafunzi. Nimeongoza wenzangu kwa bidii na nimejifunza kwamba kiongozi ni mtumishi. Ningependa kuwa rais wa nchi yangu siku moja."*

Hakuna uongo ndani yake, lakini hakuna mtu pia. Sasa tuseme mwanafunzi huyohuyo ameandika hivi:

*"Maji yalipokatika bwenini muhula wa kwanza, Kidato cha Kwanza walikuwa wakichota mwisho, na mara nyingi tangi lilikuwa limekauka. Nilipendekeza tuchote kwa zamu za vyumba badala ya vidato. Viranja wawili wa Kidato cha Nne walikataa, wakasema nao walivumilia hivyo hivyo walipokuwa wadogo. Niliwaomba tujaribu kwa wiki moja tu, na nikakubali chumba changu kiwe cha mwisho. Baada ya wiki hiyo mmoja wao ndiye aliyeomba tuendelee. Wa pili bado hajakubali."*

Aya ya pili haina cheo hata kimoja, lakini msomaji ameona akili ikifanya kazi. Ameona pia ukweli katika sentensi ya mwisho. Usijaribu kuonyesha kwamba kila mtu alishangilia.

Hapa kuna jambo la malezi linalostahili kusemwa wazi. Wengi wetu tumelelewa kutojisifu, kwa hiyo tunaandika "sisi" kila mahali: tulipanda miti, tulisafisha ufuo wa Dunga, tuliwafunza watoto. Ni adabu nzuri, lakini kwenye fomu inakufuta. Chagua njia ya kati: "Kikundi chetu kiliondoa magugumaji kwa Jumamosi nne; kazi yangu ilikuwa kuzungumza na wavuvi ili tujue mahali mashua zao zinapopita." Umewapa wenzako haki yao, na wewe umeonekana.

Usitafute tatizo kubwa la dunia. Mafuriko ya Budalang'i au kupanda kwa maji ya Ziwa Nakuru ni mada nzito, na ni zako kama ulikuwa ndani yake. Kama hukuwa, foleni ya maji ya bweni inatosha kabisa.

Onyo: usiandikiwe na mtu wa saiba, binamu wa chuo kikuu, au programu ya kompyuta. Programu nyingi za uongozi zinakataza waziwazi, na hata pasipokatazwa, utaulizwa kuhusu insha hiyo kwenye mahojiano.

Umefaulu ukimpa mwenzako insha bila jina, naye akasema ni yako.

## Hatua ya 7: Jibu swali la tamaduni bila ngoma na mavazi

Karibu kila programu ya aina hii huuliza umewahi kuishi vipi na watu walio tofauti nawe. Majibu mengi kutoka Kenya huanza na idadi ya makabila yetu, yakaeleza ngoma na vyakula, yakaishia kwamba sote ni ndugu. Msomaji ameshaisoma aya hiyo mara nyingi, na sisi wenyewe tunajua kwamba mwaka wa uchaguzi mambo huwa magumu zaidi kuliko hivyo.

Eneo letu lina mali nyingi kuliko hiyo. Soko la Sondu liko mpakani mwa Kisumu na Kericho, na wanunuzi na wauzaji wake wanatoka pande zote mbili. Nakuru ina mitaa ambamo lugha nne zinasikika kwenye ngazi moja ya nyumba. Kisumu ina familia za Kihindi zilizokaa vizazi kadhaa, Wanubi, Wasomali, Waluhya na Wakisii, mbali na Waluo. Mwanafunzi aliyetoka Kisumu kwenda kusoma Kericho ameshaishi programu ya tamaduni mbalimbali kabla ya kuiomba.

Andika tukio moja dogo ambamo ulikosea kumwelewa mtu, au yeye alikosea kukuelewa. Mathalani, kikundi cha kazi ya darasani kilichokuwa kikibadili lugha kila jambo lilipopamba moto, na mmoja wenu akabaki akitabasamu bila kuelewa. Nani aligundua? Mlifanya nini bila kumwaibisha? Ulibadilisha nini kwako mwenyewe? Usimdhihaki mtu wa jamii nyingine, wala usiisifu jamii yako kwa kuivumilia nyingine. Neno "kuvumilia" lenyewe, likitumiwa kwa watu, lina dharau ndani yake.

## Hatua ya 8: Tuma kabla ya saa kukuchanganya

Makataa mengi ya Marekani huandikwa "11:59 PM", yaani saa 5:59 usiku, kwa saa za mashariki ya nchi hiyo. Kati ya Novemba na mapema Machi huko ni saa nane nyuma yetu, kwa hiyo makataa kwetu ni saa 1:59 asubuhi ya siku inayofuata. Saa zao zikisogezwa mbele mwezi Machi, tofauti huwa saa saba. Haya ni ya kujua tu, si ya kutumia. Tuma siku tatu kabla, kwa sababu umeme hukatika na tovuti huelemewa siku ya mwisho.

Kisanduku kikitaka wastani wa alama kwa mfumo wa nchi nyingine, usigeuze kwa kukisia. Andika alama yako kama ilivyo na ueleze mizani: A ni pointi 12 na E ni pointi 1. Wanafunzi wa Gredi ya 10 waambatishe maelezo mafupi ya viwango vya ripoti yao, yaliyotiwa sahihi na mwalimu wa darasa.

Ukitumia kompyuta ya saiba, funga akaunti yako ukimaliza na ufute hati zako kwenye mashine. Pakua nakala ya fomu iliyotumwa. Umefaulu ukipokea barua pepe ya kuthibitisha, nayo uichape.

## Hatua ya 9: Mahojiano

Kwanza, saa. Mahojiano ya "3:00 PM" kwa saa za Afrika Mashariki ni saa tisa mchana. Kuna waliojitokeza jioni, mahojiano yakiwa yamepita.

Omba chumba chenye utulivu shuleni, maabara ya kompyuta au ofisi ya mwalimu, na uwe na simu ya mwalimu yenye data kama akiba ya umeme kukatika. Jaribu sauti siku iliyotangulia.

Sisi huinamisha macho mbele ya mkubwa kwa heshima. Mhoji kutoka nje aweza kudhani unaficha jambo, au huna hakika. Kupitia kompyuta, kutazama kamera kunatosha, na hakuna utovu wa adabu ndani yake. Swali usilolielewa, omba lirudiwe. Kunyamaza sekunde chache ukifikiri ni bora kuliko kujibu swali jingine.

Baadhi ya programu huwaweka waombaji katika vikundi na kuwapa kazi, kama kupanga bajeti au kujenga kitu kwa karatasi. Anayezungumza zaidi ya wote mara nyingi ndiye anayeshindwa. Wahoji hutazama nani alimuuliza yule aliyenyamaza, nani alibadili mawazo baada ya kusikiliza, na nani alikumbuka muda. Usiigize hayo, kwa sababu huonekana.

Watakuuliza kuhusu insha. Isome asubuhi ya siku hiyo, na uwe tayari kueleza yule kiranja wa pili alisema nini.

## Hatua ya 10: Baada ya barua ya kukubaliwa

Sasa mambo huenda mbio. Anza siku hiyohiyo na pasipoti, ikiwa huna. Maombi hufanyika kupitia eCitizen, kisha unafika ofisini pamoja na mzazi, hati halisi na barua ya idhini kwa ajili ya picha na alama za vidole. Kisumu, Nakuru, Eldoret na Kisii zina ofisi za pasipoti, kwa hiyo huhitaji kwenda Nairobi kwa kazi hiyo. Mwaka 2023 maombi yalirundikana nchini na wengi walisubiri miezi. Familia inayoweza kumudu ada isingoje barua ya kukubaliwa.

Kwa Marekani, programu nyingi za kubadilishana hutumia viza ya J-1. Mwandalizi hukutumia fomu ya DS-2019, inayothibitisha nafasi yako, nawe hujaza DS-160, fomu ya kuomba viza, na kuhojiwa katika ubalozi ulioko Gigiri, Nairobi. Ada ya ombi la viza ni dola 185, na programu zinazolipiwa na serikali ya Marekani husamehewa. Majina kwenye fomu hizi yafanane na ya pasipoti, pamoja na suala la ritifaa lililoelezwa hapo juu. Lala Nairobi usiku wa kuamkia mahojiano, kwa jamaa au kwa mtu aliyethibitishwa na shule. Basi la usiku kutoka Kisumu likichelewa, ubalozi hautakungoja. Afisa wa viza atauliza unaenda kufanya nini, nani analipa na utarudi lini. Jibu kwa sentensi fupi, wewe mwenyewe, si mzazi.

Chanjo ya homa ya manjano huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kuchanjwa, na kadi yake ni ya maisha yote kulingana na kanuni za afya za kimataifa zilizoanza kutumika Julai 2016. Fomu ya afya ijazwe na daktari, nayo itaje kwa ukweli kama una pumu, selimundu au mzio wa chakula. Wanafunzi huficha wakihofia kuachwa. Wanaoandaa chakula na malazi wanahitaji kujua, na ugonjwa uliofichwa waweza kufanya bima ikatae kulipa.

Mwisho ni shule. Kabla ya kuondoka, chukua kutoka kwa kila mwalimu orodha ya mada zitakazofundishwa ukiwa mbali, na ukubaliane na mwanafunzi mmoja wa kila somo akuwekee madaftari. Mwombe mwalimu mkuu aandike ni mitihani gani ya ndani utaifanya ukirudi na tarehe zake. Nakala ya barua hiyo ibaki na mzazi, kwa sababu mwalimu mkuu aweza kuhamishwa ukiwa safarini.

Ukikataliwa, usitupe chochote. Hati zilizolinganishwa, ukurasa wa mwalimu na daftari la matukio vinafaa kwa programu inayofuata, na nyingi huruhusu kuomba tena mradi umri haujapita. Kinachohitaji kuandikwa upya ni insha, kwa sababu wakati huo utakuwa umefanya jambo jingine la kuandika.